Vizazi Vitatu Katika Mashamba ya Zabibu ya Dodoma

Mkoa wa Dodoma ndio kitovu cha kilimo cha zabibu nchini Tanzania, na ni miongoni mwa sehemu chache za tropiki barani Afrika ambako zao hilo hulimwa kwa ajili ya kiwanda na si kwa ajili ya meza ya nyumbani tu. Jiji lenyewe limekaa juu ya uwanda wenye mwinuko wa mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, mvua zake ni za msimu mmoja unaoanza Desemba na kukoma Aprili, na katika miezi inayobaki hewa huwa kavu, jua la mchana huwa kali na usiku hupoa kiasi cha kumfanya mgeni kutoka Pwani aulizie blanketi. Ukavu huo, ambao ni msiba kwa mkulima wa mahindi, ni neema kwa mzabibu, kwa sababu maradhi yake mengi, hususan ubwiri, yaani kuvu linalotanda kama unga au ukungu juu ya majani na vichala, hustawi penye unyevu wa muda mrefu. Tangu mwaka 2024, treni ya umeme ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa tatu hadi nne, familia inayotaka kuwakutanisha babu, wazazi na wajukuu mahali pengine mbali na msibani au arusini imepata sababu ya kuyafikiria mashamba hayo. Lililobaki ni kuipanga siku yenyewe, na hapo ndipo wengi hukosea.

Chanzo cha makosa ni kuiga mpango wa nchi nyingine. Katika eneo la Cape nchini Afrika Kusini, ambako mvinyo wa kwanza ulikamuliwa mwaka 1659 na ambako shamba la Groot Constantia lina historia inayoanzia mwaka 1685, mashamba mengi yana ukumbi wa kuonjea uliofunguliwa kwa yeyote anayefika, mgahawa, na uwanja wa watoto kuchezea, na katika mji wa Franschhoek kuna tramu na mabasi maalumu yanayowazungusha wageni kutoka shamba moja hadi jingine. Huko mvinyo ndio kiini cha safari na vitu vingine huusindikiza. Dodoma haijajengwa hivyo. Sehemu kubwa ya zabibu zake hutoka kwa wakulima wadogo wenye ekari chache, viwanda vyake vilijengwa kwa ajili ya kuzalisha na si kwa ajili ya kupokea wageni, na mtu huingia kwa kuomba, kwa simu iliyopigwa siku kadhaa kabla na kurudiwa jioni ya kuamkia safari. Upungufu huo, ukitazamwa kwa jicho la familia yenye vizazi vitatu, ni faida kuliko hasara, kwa kuwa unalilazimisha shamba liwe moyo wa siku na mvinyo uwe kituo kimoja tu cha hiari. Na katika ukoo wa kawaida wa Kitanzania, ambamo shangazi ni Muislamu, mjomba ni Msabato na binamu ni mpenzi wa glasi, shamba ndilo jambo pekee ambalo wote wanaweza kulishiriki bila mtu kujiona mgeni.

Swali la kwanza katika mpango ni lini, na jibu lake limo ndani ya mmea. Katika nchi za baridi mzabibu hulala wakati wa kipupwe, hupukutisha majani yote, kisha huamka mara moja kwa mwaka na kuzaa mara moja. Dodoma haina baridi ya kuulaza mmea, kwa hiyo kinachoamua mwanzo wa msimu ni mkono wa mkulima na mkasi wake: akishapogoa, yaani kuyakata matawi yaliyokwisha kuzaa na kubakiza vifundo vichache, machipukizi mapya hutoka, maua hufuata, na baada ya miezi minne au zaidi kidogo vichala huwa tayari. Ndiyo maana mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza wakati wa mvua, kati ya Februari na Machi hivi, na mara ya pili wakati wa kiangazi, kati ya Julai na Septemba. Mavuno haya mawili hayafanani. Yale ya kipindi cha mvua huandamwa na magonjwa ya kuvu, njia za shambani huwa na tope, na mkulima mwenyewe huwa na haraka ya kuokoa alichonacho. Yale ya kiangazi hutoa zabibu zenye sukari nyingi zaidi, ardhi huwa ngumu, na mwenyeji huwa na nafasi ya kuzungumza.

Kwa bahati mbaya likizo ndefu za shule, za Juni na Desemba, haziangukii mavuno hayo vizuri. Familia inayofika mapema Juni hukuta vichala vya kijani vilivyo vikali kama ndimu, na watoto hawasahau udanganyifu wa namna hiyo. Suluhisho lililo rahisi ni kutumia sikukuu za taifa: Sabasaba, tarehe 7 Julai, huweza kuwa mapema mno kwa baadhi ya mashamba, lakini Nane Nane, tarehe 8 Agosti, huangukia katikati ya mavuno. Sikukuu hiyo ni ya wakulima, na viwanja vya Nzuguni vilivyo ndani ya jiji hujaa maonesho, jambo linalomaanisha kwamba vyumba vya kulala na viti vya treni huisha mapema. Anayeichagua siku hiyo hana budi kukata tiketi na kulipia malazi wiki kadhaa kabla, au kuisogeza ziara hadi mwisho wa wiki unaofuata. Yafaa isemwe waziwazi pia kwamba kwenda na kurudi Dar es Salaam kwa siku moja, ingawa treni inaruhusu, ni mzigo usiofaa kubebeshwa mtu wa miaka sabini. Safari ya siku moja ianzie Dodoma, baada ya usiku mmoja wa kulala hapo.

Swali la pili ni wapi. Hapa kuna mtego unaowanasa hata Watanzania: zipo Makutupora mbili. Makutupora inayotajwa katika habari za ujenzi wa reli ya kisasa iko upande wa Manyoni, mkoani Singida. Makutupora ya zabibu iko kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye barabara iendayo Arusha, na ndiko kiliko kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI chenye jukumu la kuchunguza zao la zabibu kwa niaba ya nchi nzima. Aina ya zabibu nyekundu iitwayo Makutupora imelipata jina lake hapo, na pamoja na ile nyeupe ya Chenin Blanc ndizo zinazotajwa zaidi na wakulima wanaouzia viwanda. Kaskazini mashariki, kiasi cha kilomita 40 kutoka mjini, kuna Hombolo, yenye mashamba, kiwanda cha CETAWICO kilichoanzishwa na wawekezaji kutoka Italia, na bwawa lililochimbwa katika miaka ya 1950 ambalo bado huwapa wavuvi samaki. Mashariki, wilayani Chamwino, kuna Chinangali, ambako wakulima wadogo wamepangiwa vitalu katika shamba kubwa linalomwagiliwa kwa matone, yaani kwa mipira yenye vitundu inayodondosha maji kwenye shina la kila mmea. Upande wa barabara ya Iringa kuna Bihawana, misheni ya Kikatoliki ambayo historia ya zabibu za Dodoma haiwezi kusimuliwa bila kuitaja, kwa kuwa mizabibu ya eneo hili ililetwa na wamisionari waliohitaji divai ya misa.

Vituo hivyo vimelizunguka jiji kila kimoja upande wake, na kishawishi cha kuvigusa vyote kwa siku moja ni kikubwa kwa mtu anayepanga safari akiwa mbele ya ramani. Kishawishi hicho kikataliwe. Kila kupanda na kushuka garini kwa kundi la watu kumi na watano wenye mzee anayetembelea mkongojo na mtoto anayenyonya huchukua dakika ishirini au zaidi, na vituo vinne vina maana ya zaidi ya saa nzima iliyopotelea mlangoni mwa basi dogo la Kosta. Upande mmoja, shamba moja na kiwanda kimoja au hata nusu ya kiwanda, vinatosha. Kwa familia yenye wazee wengi Makutupora huwa chaguo jepesi, kwa sababu barabara ni ya lami na si mbali. Kwa familia yenye vijana na watoto wakubwa Hombolo hutoa zaidi, hasa kwa sababu ya bwawa.

Saa za kutoka ziamuliwe na jua. Kundi liwe shambani saa mbili asubuhi, na lisiwe tena kwenye jua ifikapo saa tano na nusu, kwa kuwa mwili wa mzee hauhisi kiu mapema kama wa kijana, na wengi wa umri huo hutumia vidonge vya kupunguza maji mwilini kwa ajili ya shinikizo la damu, hali inayofanya joto la mchana wa Dodoma liwe hatari kabla halijaonekana kuwa kero. Hewa kavu pia hukausha jasho kabla mtu hajaliona, na mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyezoea kulowa shati, hudhani hapotezi maji. Kwa upande wa vyoo, mpangaji aulize kabla, na aulize kwa undani: shambani mara nyingi kuna choo cha kuchuchumaa tu, ambacho ni mateso kwa mwenye magoti mabovu, hivyo kituo chenye choo cha kukaa, iwe hoteli, kituo cha mafuta au nyumba ya mwenyeji, kiingizwe katika ratiba kama kituo kamili na si kama dharura. Kiti cha magurudumu huzama kwenye mchanga ulio kati ya mistari ya mizabibu. Viti viwili vitatu vya plastiki vilivyowekwa chini ya mti pembezoni mwa shamba, mahali ambapo mzee anaweza kuletewa kichala na kuzungumza na mwenye shamba, vina heshima zaidi kuliko kumsukuma mtu jasho likiwatoka wanaomsukuma.

Mpango wa kukaa garini nao ni kazi ya mtu mwenye busara, wala si jambo la kuachiwa kondakta. Kanuni za wakwe bado zina nguvu katika koo nyingi: kwa mila za Wanyakyusa, kwa mfano, mke wa mtoto hukwepa kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake, na hata mahali ambapo mila hiyo imelegea, mkwe na mkwe kubanana katika kiti kimoja kwa mwendo wa saa nzima huwatia wote wawili taabu ambayo hakuna atakayeisema. Wazee wakae mbele, wenye watoto wadogo wakae karibu na mlango, na vijana wapelekwe nyuma, ambako ndiko wanakopenda kukaa hata hivyo.

Shambani kwenyewe kundi hupokelewa kwa salamu, na watoto waliofundishwa njiani kusalimia kwa Kigogo, hata kama ni neno moja tu la mbukwenyi, humfungua mwenyeji moyo haraka kuliko zawadi. Baada ya hapo kuna chombo kimoja kinachostahili kuombwa kwa jina, nacho ni rifraktomita, kijibomba chenye kioo upande mmoja na tundu la kuchungulia upande wa pili, ambacho mtaalamu hukitumia kupima sukari. Zabibu moja hubonyezwa, tone la maji yake hudondoshwa juu ya kioo, kifuniko hushushwa, kisha mtu huelekeza chombo kwenye mwanga na kuchungulia: ndani huonekana duara lililogawanyika, juu buluu na chini nyeupe, na mstari unaozitenganisha rangi hizo hugusa namba fulani kwenye kipimo. Namba 20 ina maana kwamba katika kila gramu 100 za maji hayo, takriban gramu 20 ni sukari. Mtoto wa darasa la nne hukielewa kipimo hicho kwa mara moja, akakimbilia kichala kingine kilicho upande wa kivuli na kugundua mwenyewe kwamba kina namba ndogo zaidi, wakati babu yake, aliyekaa chini ya mti, analinganisha namba hizo na ulimi wake na mara nyingi hakosei sana. Hakuna sehemu nyingine ya siku inayoviunganisha vizazi kama dakika hizo, na shamba lisilo na rifraktomita halina budi kuazima kwa jirani.

Kabla ya mtu yeyote kuchuma na kula, hata hivyo, ni wajibu kuuliza shamba lilipuliziwa dawa lini mara ya mwisho. Kila dawa ya kilimo ina muda wa kusubiri kati ya kupulizia na kula, na baadhi ya wakulima hutumia unga wa salfa dhidi ya ubwiri, ambao huwasha macho na kumbana pumzi mwenye pumu. Tahadhari nyingine ni ya walezi wa watoto walio chini ya miaka mitano: zabibu nzima ina umbo na ulaini wa kuziba koo la mtoto kikamilifu, na njia salama ni kuikata kwa urefu wake vipande vinne, kazi inayohitaji kisu kidogo, kibao, na shangazi asiye na haraka.

Kiwandani mambo hubadilika. Mchuzi wa zabibu, kama watu wa Dodoma wanavyoyaita maji yaliyokamuliwa kabla hayajawa mvinyo, huingizwa katika matangi ambamo hamira huila sukari na kuigeuza kuwa kileo na gesi ya kaboni dioksidi. Lita moja ya mchuzi huweza kutoa zaidi ya lita 40 za gesi hiyo. Gesi hiyo haina rangi wala harufu ya kumtahadharisha mtu, ni nzito kuliko hewa, na hutuama sakafuni, yaani katika kimo kile kile cha pua ya mtoto na cha mzee aliyeketi. Kwa hiyo wakati wa mavuno, ambao ndio wakati matangi yanafanya kazi, watoto wasiingizwe katika vyumba vya kuchachushia visivyo na milango mikubwa iliyo wazi au feni za kutoa hewa, na kama mwenyeji anasita, kusita kwake kuchukuliwe kuwa jibu. Sakafu ya kiwanda nayo huwa na maji muda wote, na mzee aliyevaa kandambili apewe mkono au abaki nje.

Baada ya hapo huja kuonja kwa wanaopenda, na jambo hili lielezwe katika mwaliko wenyewe ili pasiwe na anayeshtukizwa. Utaratibu mzuri ni kuwatenga waonjaji kwenye meza yao, mbali na wazee wasiopenda kuona vijana wao wakinywa mbele yao, na kuwapa waliobaki shughuli nyingine iliyo kamili, mathalani kupumzika bwawani. Hesabu yake si ngumu. Vionjo vinne vya mililita 50, vya mvinyo wenye kileo cha asilimia 12, hufanya mililita 200 zenye takriban gramu 19 za kileo halisi, na mwili wa mtu mzima mwenye afya huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyeonja na kumeza anahitaji basi saa mbili hadi tatu kabla damu yake haijasafika. Mwonjaji wa kazi hutema, na chombo cha kutemea kiombwe bila haya. Dereva haonji kabisa. Mzee anayeonja azingatie kwamba mwili wake una maji machache kuliko wa kijana, hivyo kiasi kilekile hufanya damu yake iwe na kileo kingi zaidi, na anayetumia dawa za kisukari au za usingizi amuulize daktari wake kabla ya safari.

Wasiokunywa hupewa mchuzi mbichi, na hapa ndipo wema hugeuka kuwa hatari. Glasi ya mililita 250 ya mchuzi uliosoma 20 kwenye rifraktomita ina karibu gramu 50 za sukari, sawa na vijiko vya chai kumi na viwili hivi, na bibi mwenye kisukari aliyejiona salama kwa sababu hakugusa mvinyo huweza kuishia Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kwake mchuzi wa kujaza nusu ya kikombe kidogo cha kahawa watosha, tena baada ya chakula.

Chakula cha mchana kisipelekwe mbali na njia. Familia iliyochagua Makutupora siku ya Jumamosi hukutana njiani na mnada wa Msalato, maarufu kwa nyama choma. Moshi na msongamano wake huwachosha wazee, kwa hiyo wawili watatu washuke kununua na wengine wasubiri mahali penye kivuli, pamoja na ugali wa uwele na mlenda ulioagizwa mapema kwa mama lishe. Baada ya kula, kundi lipumzike kwa saa nzima, bila ratiba, kwa kuwa wazee husimulia wakiwa wameshiba.

Manunuzi yafanywe mwisho. Zabibu, tofauti na ndizi au embe, haziendelei kuiva zikishachumwa, hivyo kununua zilizo kali kwa matumaini ya kuziacha ziive nyumbani ni kutupa fedha. Zipangwe katika kreti zenye kina kifupi, zisilaliane, na zisioshwe mpaka siku ya kuliwa. Chupa za mvinyo zisiachwe kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Mchuzi ndio unaohitaji uangalifu kuliko vyote, kwa sababu hamira huishi kwenye ganda la zabibu na huanza kazi bila kualikwa: kidumu kilichojazwa asubuhi na kufungwa kwa nguvu huweza kuvimba au kupasuka usiku, na maji yaliyokuwa matamu na halali kwa kila mtu shambani huwa na kileo siku inayofuata. Anayetaka kuwapelekea wasiokunywa ambao hawakuja aubebe kwenye boksi la barafu, au auchemshe jioni ileile huko alikofikia, auache upoe, kisha autie katika chupa iliyochemshwa pia.